Tuzifungue tarakilishi kabla ya kuzitupa

Kuna hukumu ambayo hutolewa kila siku katika vyumba vya walimu na katika mabweni ya vyuo vyetu, nayo hutolewa bila ushahidi wala nafasi ya rufaa. Kipakatalishi kikianza kujikokota, kikachukua dakika tano kuamka na nyingine mbili kufungua waraka mmoja, mwenyewe hukitazama kwa masikitiko na kutamka, “Hiki kimezeeka.” Tangu hapo chombo hicho husubiri tu kuwekwa juu ya kabati, kupewa watoto wakichezee, au kuuzwa kwa bei ya kutupa. Mwenyewe naye huenda kuomba mkopo wa sako ili anunue kipya.

Ninavyoona mimi, nyingi ya hukumu hizi si za haki. Vipakatalishi vingi tunavyovizika vingali hai; vimenyimwa tu nafasi ya kufanyia kazi. Kuongezewa kumbukumbu kungevirejeshea uhai kwa gharama ndogo kuliko ya kununua vingine, na kazi yenyewe haichukui hata nusu ya kipindi cha somo. Lakini jambo linaloniudhi zaidi si fedha zinazopotea. Ni kwamba sisi walimu na wanafunzi, watu ambao kazi yetu ni kuuliza kwa nini, tumekubali kutumia mashine ambazo hatuthubutu kuzifungua.

Tuanze na maana. Tarakilishi ina mahali pawili pa kuwekea mambo, na watu wengi hupachanganya. Pa kwanza ni diski, ambamo hukaa barua, picha, mitihani ya miaka iliyopita na programu zote. Pa pili ni kumbukumbu ya muda, ile ambayo mafundi na wauzaji huiita RAM. Mwalimu atanielewa mara moja nikisema kwamba diski ni kabati na RAM ni meza. Kabatini mna madaftari ya kila kidato. Mezani pana yale tu yanayosahihishwa sasa. Anayemwambia mnunuzi kwamba chombo kina “memori ya gigabaiti 500” anamwonyesha ukubwa wa kabati na kunyamaza kuhusu meza. Na kazi hufanyiwa mezani, haifanyiwi kabatini.

Meza ikijaa, mfumo wa tarakilishi hauna budi kuchukua baadhi ya vitu, kuvirudisha kabatini kwa muda, kisha kuvitoa tena kila vinapohitajika. Kwa kuwa diski ni nzito mno ikilinganishwa na RAM, hasa diski za zamani zenye sahani inayozunguka, nenda rudi hii ndiyo inayokifanya chombo kionekane kizee. Prosesa yenyewe haina ugonjwa wowote. Imekaa tu ikingoja kuletewa kazi, kama mwalimu aliye tayari kusahihisha huku madaftari yakiwa yangali njiani kutoka ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu.

RAM si jambo la miujiza. Aina inayotumika katika tarakilishi zetu ilibuniwa na Robert Dennard, mhandisi wa kampuni ya IBM nchini Marekani, ambaye alipewa hataza yake mwaka wa 1968. Wazo lake lilikuwa sahili: chembe moja ya habari ihifadhiwe kama chaji ya umeme ndani ya kapasita moja ndogo, na transista moja iwe ndiyo mlango wake. Chaji hiyo huvuja, kwa hivyo sharti ijazwe upya mara kwa mara. Katika vijibao vingi vya leo kila chembe huburudishwa kila baada ya milisekunde 64. Hii ndiyo sababu umeme ukikatika, kilicho mezani hupotea na kilicho kabatini husalia. Mwanafunzi wa fizikia wa Kidato cha Tatu ana maarifa yote anayohitaji ili kuelewa jambo hili. Mbona basi halielezwi?

Kabla ya kununua chochote, yafaa kupima. Daktari hatoi dawa kwa kumwangalia mgonjwa usoni tu. Katika mfumo wa Windows, mtu akibonyeza vibonye vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja, hufunguka dirisha la Task Manager linaloonyesha prosesa, kumbukumbu na diski zinavyotumika. Afungue kazi zake za kawaida: kivinjari chenye kurasa anazozihitaji, jedwali la alama, waraka anaouandika. Kisha atazame. Kumbukumbu ikisimama kwenye asilimia 90 au zaidi na chombo kikianza kukwama, ugonjwa umejulikana. Lakini kumbukumbu ikiwa nusu tupu huku diski ikichemka kwa asilimia 100, kuongeza RAM ni kumpaka mgonjwa dawa ya mguu ilhali anaumwa na jino. Hapo kinachohitajika ni kubadilisha diski ya kuzunguka na kuweka ile ya kisasa ya SSD, isiyo na sehemu inayosogea. Dirisha lilo hilo huonyesha chombo kina nafasi ngapi za kuchomekea vijibao vya kumbukumbu na ni ngapi zimekwisha kutumika.

Kuna pia suala la hesabu. Tarakilishi kuukuu kadhaa zingali na mfumo wa biti 32. Mfumo huo una anwani za 2 kwa kipeo cha 32, yaani 4,294,967,296, ambazo kwa kawaida humaanisha gigabaiti 4 basi. Mtu akiweka gigabaiti 8 katika chombo cha aina hiyo bila kubadilisha mfumo, amenunua meza kubwa na kuiacha nusu yake nje ya mlango. Mwalimu wa hisabati anayetafuta mfano hai wa vipeo asihangaike kwenda mbali.

Je, kiasi gani chatosha? Windows 11, iliyotolewa mwaka wa 2021, hudai gigabaiti 4 kama kiwango cha chini kabisa. Hicho ni kiwango cha kuuwezesha mfumo kuamka. Mtu bado hajafungua kazi yoyote. Kwa maoni yangu, mwalimu wa kawaida anayeandaa masomo, anayejaza alama na kupekua mtandao atatosheka na gigabaiti 8. Mwanafunzi wa uhandisi, wa usanifu majengo au wa uhariri wa video ana sababu ya kutafuta 16. Kupita hapo bila kazi maalumu ni fahari tu, na fahari hailipi karo.

Sasa tuje kwenye uchaguzi, ambapo pesa nyingi hupotea. Vijibao vya kumbukumbu vina vizazi, na kizazi kimoja hakiingii katika nafasi ya kingine. DDR3 ilianza kuuzwa mwaka wa 2007, DDR4 mwaka wa 2014, na kanuni za DDR5 zilichapishwa mwaka wa 2020. Katika vipakatalishi, kijibao cha DDR3 kina pini 204, cha DDR4 pini 260, na cha DDR5 pini 262. Pengo lililokatwa kwenye ukingo wa kijibao limewekwa mahali tofauti kwa kila kizazi, makusudi kabisa, ili mtu asichomeke kisichofaa. Volti nazo zatofautiana: 1.5 au 1.35 kwa DDR3, 1.2 kwa DDR4, na 1.1 kwa DDR5. Isitoshe, kijibao cha kipakatalishi kina urefu wa karibu milimita 68, ilhali kile cha tarakilishi ya mezani kina urefu wa takriban mara mbili ya huo. Anayekwenda dukani na kusema tu “nataka RAM ya gigabaiti 8” ni sawa na anayekwenda kwa muuza viatu na kusema “nataka kiatu”.

Kasi pia ina maana yake. Vijibao vya DDR4 huandikwa 2133, 2400, 2666 au 3200. Viwili vyenye kasi tofauti vikiwekwa pamoja, kwa kawaida vyote hufuata mwendo wa kile kizito, kama wanafunzi wawili waliofungwa miguu pamoja katika mashindano ya mbio. Hivyo hakuna haja ya kulipia zaidi kasi ambayo chombo hakiwezi kuitumia. Kwa upande mwingine, vijibao viwili vyenye ukubwa sawa huiwezesha prosesa kusoma kupitia njia mbili kwa wakati mmoja. Kwa hivyo viwili vya gigabaiti 8 aghalabu ni bora kuliko kimoja cha 16.

Nitoe mifano halisi, kwa kuwa soko letu limejaa vipakatalishi vilivyotumika ofisini huko Ulaya na Marekani kabla ya kuletwa hapa. Kipo kimoja ambacho wanafunzi wa vyuo wanakijua vyema, ThinkPad T480, kilichotoka mwaka wa 2018. Kina nafasi mbili za kumbukumbu za DDR4, na mtengenezaji anatambua hadi gigabaiti 32. Mwaka uliofuata ulitoka mrithi wake, T490. Kwa macho vyafanana kama ndugu, lakini T490 ina kumbukumbu iliyolehemiwa kwenye ubao mkuu na imesaziwa nafasi moja tu. Ndugu yao wa tatu, X1 Carbon, mwembamba na wa kupendeza, hana nafasi hata moja: kiasi alichozaliwa nacho ndicho atakachokufa nacho. Mnunuzi asiyeuliza huvutiwa na wembamba, akalipa zaidi, akapata chombo kisichoweza kukua.

Mfano mwingine ni HP EliteBook 840 G3. Hiki nacho kina nafasi mbili za DDR4, na kukiongezea kumbukumbu ni kazi rahisi. Lakini prosesa yake ni ya kizazi cha sita cha Intel, ilhali Windows 11 huzikubali rasmi prosesa za Intel kuanzia kizazi cha nane. Windows 10 nayo ilifikia kikomo cha huduma yake ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025. Anayeongeza kumbukumbu katika chombo hiki hana budi kujua kwamba amekipa nguvu tu. Suala la mfumo litabaki palepale. Anaweza kukiwekea mfumo huria wa Linux, nacho kikamfaa kwa miaka mingine kadhaa. Jambo la msingi ni kwamba aamue akiwa na habari kamili.

Habari hizi hazikufichwa. Watengenezaji wakubwa huchapisha vitabu vya mwongozo wa ukarabati kwa kila aina ya chombo, na vyapatikana bila malipo katika mtandao. Jina kamili la chombo huandikwa chini ya tumbo lake. Mtu akilinakili hilo, akasoma mwongozo, kisha akaenda nalo hadi kwa wauzaji wa vifaa vya umeme, iwe ni Luthuli Avenue mjini Nairobi au katika kituo chochote cha biashara mashinani, hataongozwa kama kipofu.

Kazi ya kupachika yenyewe ni nyepesi kwa mtu mtulivu. Kwanza nakala za kazi muhimu ziwekwe mahali pengine. Chombo kizimwe kabisa, si kulazwa. Katika Windows, kushikilia kibonye cha Shift wakati wa kuzima huhakikisha hivyo. Chaja ichomolewe. Betri ya kutoka itolewe. Iliyo ndani itenganishwe na ubao mara tu kifuniko kinapofunguliwa. T480, kwa mfano, ina betri mbili, moja ya nje na moja ya ndani, na ile ya ndani huweza kulazwa kupitia mipangilio ya BIOS hata kabla ya bisibisi kuguswa. Kisha kibonye cha kuwashia kibonyezwe kwa sekunde kadhaa ili umeme uliobaki uishe.

Adui mkubwa hapa haonekani. Ni umeme tuli, ule unaotushtua tunapovua sweta la sufu siku ya ukavu. Kabla mtu hajahisi mshtuko huo, mwili wake huwa umebeba volti elfu kadhaa. Ilhali kijibao cha kumbukumbu chaweza kudhuriwa na kiasi kidogo mno ambacho hatuwezi kukihisi. Basi mfunguaji aguse chuma kilichoungana na ardhi kabla ya kuanza, asifanye kazi juu ya zulia, na akishike kijibao kwenye kingo zake tu, bila kugusa zile pini za rangi ya dhahabu.

Skrubu za kifuniko zifunguliwe kwa bisibisi inayozitosha, kwa kuwa bisibisi isiyotosha huvila vichwa vya skrubu. Ziwekwe kwenye karatasi kwa mpangilio zilivyotoka. Vibanio viwili vilivyo kando ya kijibao vikisukumwa nje kwa vidole, kijibao hujiinua chenyewe na kusimama mshazari, kisha huvutwa polepole. Kipya huingizwa kwa mshazari uleule, pengo lake likielekezwa kwenye kijino cha nafasi, kikasukumwa hadi pini zikaribie kuzama zote, halafu kikalazwa mpaka vibanio vilie. Kikikataa, kisilazimishwe, ama kimegeuzwa, ama si cha kizazi hicho.

Baada ya kufunga na kuwasha, kiasi kipya kikaguliwe. Skrini ikibaki nyeusi, asilie mtu. Mara nyingi kijibao hakikukaa sawasawa, na kukitoa na kukirudisha hutosha. Vyombo vya DDR5 huweza kuchukua dakika kadhaa mara ya kwanza vikiizoea kumbukumbu mpya. Mwishowe, Windows ina kipimo chake cha kukagua kumbukumbu, na kukiendesha usiku mmoja ni bora kuliko kugundua kijibao kibovu katikati ya kuandika mtihani wa mwisho wa muhula.

Wapo watakaonipinga, na hoja zao si za kupuuzwa. Wa kwanza watasema kwamba kufungua chombo huvunja dhamana ya mtengenezaji. Kwa chombo kipya, dhamana isomwe kwanza, kwa sababu masharti hutofautiana. Lakini vipakatalishi vingi ninavyovizungumzia vilimaliza dhamana zake kabla hata ya kuvuka bahari. Wa pili watasema kwamba wanafunzi wakijua kutoa vijibao, watavitoa na kuviuza. Wizi upo, sikatai. Hata hivyo, hatukufunga maabara za kemia kwa sababu tindikali huunguza. Tuliweka sheria, daftari na kufuli. Nambari ya kila kijibao iandikwe katika daftari la mali ya shule, na ukaguzi ufanywe kila mwisho wa muhula. Kwa hakika, shule isiyojua kilichomo ndani ya mashine zake ndiyo rahisi zaidi kuibiwa, kwa maana haiwezi hata kutambua kilichotoweka.

Wa tatu watauliza: je, tunataka kuwanyang’anya mafundi riziki yao? La hasha. Fundi stadi atabaki na kazi tele, kuanzia skrini zilizovunjika hadi bao zilizoungua. Anayepaswa kuogopa ni yule anayemdanganya mteja asiyejua. Mteja anayejua anachokitaka humheshimu fundi mzuri zaidi, si kidogo.

Hoja nzito zaidi ni ile ya bei. Katika miezi ya mwisho ya mwaka wa 2025, bei ya kumbukumbu ilipanda kwa kasi kote duniani. Kampuni tatu, Samsung na SK Hynix za Korea Kusini pamoja na Micron ya Marekani, ndizo zinazotengeneza sehemu kubwa ya kumbukumbu za aina hii, na viwanda vyao vilielekeza nguvu kwenye mahitaji ya mashine kubwa za akili unde. Mnamo Desemba 2025 Micron ilitangaza kwamba ingeacha kuwauzia wanunuzi wa kawaida vijibao vyake vya Crucial. Wapo wanaosema kwamba basi kuongeza kumbukumbu hakuna maana tena. Mimi nasema kinyume. Kumbukumbu ikipanda bei, kipakatalishi kipya nacho hupanda, kwa maana hakiuzwi bila kumbukumbu. Na vile vijibao vilivyolala ndani ya vipakatalishi vilivyovunjika skrini, juu ya makabati ya shule zetu, vimepata thamani mpya. Kijibao cha DDR4 kilichotoka katika chombo kilichokufa chafaa kabisa katika kilicho hai, mradi kipimwe. Wahenga hawakukosea waliposema: usitupe mbachao kwa msala upitao.

Nije sasa kwenye shina la jambo. Mwaka wa 2013 taifa hili liliahidiwa vipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Kuanzia mwaka wa 2016 ahadi hiyo ilitekelezwa kwa njia ya vishikwambi vilivyogawiwa shule za msingi za umma. Mjadala wa miaka ile ulihusu nani atapewa zabuni, umeme utafika lini, na vitalindwa vipi. Sikumbuki tukijadili kwa uzito swali la nani atavifungua vikiharibika. Tulipokea vyombo kama mgeni anavyopokea chakula: anakula, anashukuru, haulizi jikoni kuna nini.

Mwezi wa Januari 2026 wanafunzi wa kwanza wa mtaala wa umilisi waliingia Gredi ya 10, baadhi yao katika mkondo wa sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati. Neno umilisi lina uzito. Mtu hawi mmilisi wa chombo kwa kujua tu mahali pa kubonyeza. Tukiwafundisha watoto kuchora mchoro wa tarakilishi ubaoni, wakataja RAM kwa ufasaha katika mtihani bila kuwahi kukiona kijibao chenyewe, tumewafundisha kama abiria wanaokariri sehemu za gari bila kufunguliwa boneti.

Kwa hivyo natoa rai tatu. Ya kwanza, kila shule yenye tarakilishi iteue moja iliyokwisha kutangazwa mfu, iwekwe mezani, na kila mwanafunzi wa somo la tarakilishi aifungue, atoe kijibao, akirudishe, aifunge. Kosa likitokea, litokee kwenye maiti. Ya pili, kabla bodi ya shule haijaidhinisha ununuzi wa tarakilishi mpya kwa fedha za wazazi, ipewe taarifa ya ukurasa mmoja inayoonyesha kila tarakilishi iliyopo ina kumbukumbu kiasi gani, diski ya aina gani, na ingegharimu nini kuiimarisha. Wanafunzi wenyewe wanaweza kuiandaa taarifa hiyo kama mradi. Ya tatu, kila zabuni ya vipakatalishi vya shule iwe na swali hili: je, kumbukumbu yake inaweza kuongezwa? Vyombo vilivyolehemiwa si haramu, kwa kuwa vina wepesi na hupunguza matumizi ya betri. Lakini anayevinunua anunue kumbukumbu ya kutosha siku ile ile, maana kesho haitakuwapo.

Wenzetu wamekwisha kulitambua hili. Nchini Ufaransa, tangu mwaka wa 2021, vipakatalishi huuzwa vikiwa na alama inayoonyesha ni rahisi kiasi gani kuvikarabati. Huku kwetu tunayo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka wa 2022, inayomdai mtengenezaji awajibikie bidhaa yake hata baada ya kutupwa. Ni sheria njema. Hata hivyo, taka bora ni ile ambayo haikuzaliwa. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa mwaka wa 2024 ilionyesha kwamba dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vifaa vya umeme katika mwaka wa 2022, na kwamba ni asilimia 22.3 tu zilizothibitishwa kukusanywa na kurejelezwa ipasavyo. Kila kipakatalishi tunachokiongezea miaka mitatu ya kazi ni kimoja kinachosubiri nje ya lundo hilo.

Mwalimu anayejaza alama za wanafunzi wake usiku kupitia mtandao wa Baraza la Mitihani, huku chombo kikikwama kila anapofungua ukurasa mwingine, hapotezi dakika tu. Anapoteza usingizi, na kesho yake wanafunzi hupoteza mwalimu. Mwanafunzi wa chuo ambaye mzazi wake aliuza ndama ili amnunulie kipakatalishi hana ndama wa pili wa kuuza. Hao ndio ninaowaandikia. Wasikimbilie dukani wala wasikate tamaa. Wapime, wasome mwongozo wa chombo, wachague kijibao kinachofaa, kisha wachukue bisibisi, na ikiwezekana wafanye hivyo mbele ya wanafunzi, ili mkono mmoja unapofungua, macho arobaini yawe yanajifunza.